Mwonjaji wa Pipi

Siku ya kupika pipi, hakuna aliyethubutu kukalia kiti cha marehemu mume wa Mama Kasuku. Kilikuwa kiti cha mbao tu, mguu mmoja umefungwa kwa waya, kimesogezwa karibu na jiko pale alipopenda kukaa mwenyewe akisubiri kuonja. Ukikikalia kwa kusahau, Mama Kasuku hakukufokea. Angekutazama mara moja, akageukia sufuria yake, na wewe ungeinuka mwenyewe bila kuambiwa ukatafuta pa kwenda.

Jumamosi hiyo alikuwa anamenya karanga. Alizikaanga kwa moto mdogo mpaka zikaanza kupasukapasuka, akazimwaga kwenye kitambaa kizito, akakikunja na kuzisugua kwa viganja hadi maganda mekundu yakaachana nazo. Binti yake akazipeta uani. Binti huyo ndiye Kasuku mwenyewe. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alianza kuongea kabla hajajua kutembea, na tangu hapo mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, na mtaa mzima ulikuwa umesahau jina lake la shuleni.

"Zimeiva?" Mama Kasuku aliuliza.

"Zimeiva, Mama."

"Sikukuuliza wewe."

Kiti kilikuwa kitupu, na juu yake kulikuwa na kisahani cheupe tu. Walikuwa wamemzika miezi minane iliyopita, na bado ndiye aliyeulizwa wa kwanza.

"Amekohoa huyo," sauti ya Bibi ikatoka chumba cha ndani. "Hamjamsikia?"

"Tumemsikia, Mama," akajibu Mama Kasuku, akaendelea na kazi.

Bibi alikuwa mama mzazi wa marehemu. Alikuwa amelala kitandani mguu wake juu ya mto, kidonda kimefungwa kitambaa. Ugonjwa ulikuwa uleule wa mwanawe, kisukari, ila kwake ulikuja taratibu kama mgeni mwenye adabu, ukakaa.

Kazi yenyewe Mama Kasuku aliijua kwa mikono. Tende alizilowesha kwenye maji ya uvuguvugu, akatoa kokwa, akazisaga pamoja na karanga mpaka mafuta yakatoka na siagi ya karanga ikawa laini ya kufinyangika. Akatia chumvi kidogo na asali vijiko viwili vya kupakua. Akafinyanga vidonge vya ukubwa wa gololi. Bakuli la kakao, mafuta ya nazi na asali lilikuwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, likiyeyuka polepole na kung'aa. Akachovya kimoja kimoja kwa uma, akavipanga kwenye sinia. Nyumba nzima ikanukia chokoleti, harufu ya kumfanya mtu apite dirishani mara mbili bila shughuli.

Sukari ya dukani haikuingia. Siku daktari alipomwambia mumewe ana kisukari, Mama Kasuku alimwaga sukari yote ya nyumba kwenye mtaro, majirani wakisimama kushuhudia. Mume, mchora mabango, mtu mzima mwenye ndevu, alikaribia kulia. Alikuwa anapenda vitamu kama mtoto. Ndipo mkewe akabuni pipi hizi, na mwenyewe kwa furaha akapanda ngazi na brashi yake akaandika juu ya dirisha, kwa herufi nyekundu zenye kivuli: PIPI ZA AFYA. HAZINA SUKARI.

Pipi ya kwanza iliyoganda, Mama Kasuku aliiweka kwenye kisahani. "Onja, baba watoto," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasubiri. Kisha akainua kisahani akakipeleka chumba cha ndani, maana kilichobakizwa na mtoto hula mama yake. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akatafuna amefumba macho.

Watu waliokuja kumpa pole mama huyu aliwaambia neno moja tu. "Kifo kilimkuta, lakini sukari haikumkuta nyumbani kwangu. Nilimlinda." Ndilo neno lililokuwa linamlaza usiku na kumwamsha asubuhi. Wengine hushikilia dini, wengine ndugu. Yeye alishikilia hilo.

*

Kidonda cha Bibi kilianza kama lengelenge la kiatu. Jumatatu Kasuku alimpeleka kliniki, wakakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine mpaka nesi akawaita. Nesi alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akamfungua Bibi kitambaa palepale, mlango wazi, na harufu ikatangulia nje. Watu wa benchi wakasogea. Mwanamke mmoja akajiziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Usijizibe, mwanangu," Bibi akamwambia. "Mimi ninayo siku zote, na sijajiziba."

Nesi akamchoma kidole, akatazama kipimo. Akafuta kidole kingine, akachoma tena, akatazama tena.

"Bibi, unakula nini nyumbani?"

"Nakula chakula."

"Chai?"

"Kavu. Mkwe wangu ni askari."

Hapo Kasuku akapata nafasi, na nani wa kumzuia? "Kwetu sukari haiingii, nesi. Mgeni akitaka chai tamu anakuja na sukari yake mfukoni!" Watu wa benchi wakacheka. Kasuku akatia mkono kwenye mkoba, akatoa mfuko wa pipi aliokuja nao makusudi kama zawadi. "Anakula hizi tu. Mama anazipika mwenyewe. Onja."

Nesi akaonja. Alitafuna taratibu, akaonja tena kipande, akaukunja uso kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Tamu."

"Si nilikuambia!"

"Tamu sana. Utamu huu umetoka wapi?"

"Tende. Na asali. Vya Mungu tu, si vya kiwandani."

Nesi akakaa. "Bibi anakula ngapi kwa siku?"

"Nihesabu za nini?" Bibi akasema. "Mtu huhesabu dawa?"

Nesi akafunga mlango. Sauti yake ikashuka, na Kasuku akaanza kuogopa kabla hajaambiwa kitu.

"Mwanangu, nisikilize. Tende ni sukari. Asali ni sukari. Ukishameza, mwili hauulizi kama ilitoka mtini au kiwandani. Mtu mzima wa afya ale, afurahi, na kweli hizi ni bora kuliko pipi za dukani. Huyu, hapana. Kidonda hakiponi kwa sababu damu yake imejaa utamu. Nampa dawa, namsafisha kila siku mbili, lakini wiki ijayo kisipoanza kukauka tutaongea habari ya kukata mguu. Sikutishi. Nakuambia."

Kasuku akamtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama dirisha.

"Hebu," nesi akaendelea, akifunga bandeji, "yule bwana mchora mabango aliyekuwa akija kwa daktari, si baba yako? Mungu amrehemu. Naye alikuwa anakula hizi?"

Swali lilikuwa la kawaida. Nesi hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini Kasuku aliona jiko la nyumbani, aliona kiti, aliona mama yake amesimama na uma mkononi akimtazama baba anavyotafuna, na baba akisema, "Leo umepatia, mke wangu."

"Hapana," akasema. "Baba hakupenda vitamu."

Njiani wakarudi polepole, Bibi ameegemea bega lake, wakipumzika penye kila kivuli.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, maana ndivyo alivyopenda kumtania mjukuu wake, "umemjibu nesi vizuri."

"Nimesema uongo, Bibi."

"Ndiyo. Nimesema umejibu vizuri."

Kasuku hakuelewa, na hakuuliza. Alikuwa na mzigo wake. Kumwambia mama aache kumpa Bibi pipi ni lazima amwambie sababu, na mama akishaijua sababu hataishia kwenye mguu wa Bibi. Atakwenda nayo mwenyewe moja kwa moja hadi kaburini kwa mumewe. Akinyamaza, mguu utakatwa. Akisema, mama atakatika. Hakuna binti aliyewahi kupewa mizani mbaya kama hiyo, na huyu alikuwa binti asiyeweza kuficha hata bei ya nyanya.

Nyumbani mama akauliza, "Nesi kasemaje?"

"Kasema tusafishe kila siku mbili."

"Basi?"

"Basi."

*

Kesho yake fundi saa akaja dirishani. Meza yake ilikuwa mwisho wa mtaa, chini ya mwavuli uliochanika. Naye alikuwa na kisukari, naye alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa pipi hizi.

"Hodi! Duka liko wazi au mko kwenye hesabu?"

Kasuku akawahi dirishani. "Zimekwisha, Fundi."

"Zimekwisha? Pua yangu inasema nyingine."

"Ni harufu ya jana."

"Nani kasema zimekwisha?" Mama Kasuku akapaza sauti kutoka jikoni. "Sinia zima hili hapa! Kasuku, umeamkia upande gani leo? Mfungie Fundi mfuko."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Binti anataka kuniuzia kwa bei ya magendo." Kasuku akafunga mfuko, hainui macho. Fundi akainama dirishani akateremsha sauti, kama mtu anayetoa habari njema ya siri. "Usimwambie mama yako, atavimba kichwa. Tangu nianze hizi, vidonge vya hospitali nimevipa likizo. Vilikuwa vinanichafua tumbo. Sasa mtu hali sukari, anameza vidonge vya nini?" Akagonga kidole juu kwenye maandishi mekundu ya marehemu. "Baba yako aliandika ukweli."

Akaondoka anatafuna. Kasuku akabaki ameshika ukingo wa dirisha. Herufi zile alizipenda. Alimshikia baba yake ngazi siku zilipoandikwa. Sasa kila mpita njia alikuwa anadanganywa na mkono wa maiti, na aliyejua ni yeye peke yake. Jamani, mtu akimbilie wapi?

*

Siku ya Alhamisi mama akaenda sokoni kununua karanga. Kasuku akaona hiyo ndiyo nafasi, akatenda jambo ambalo lingeweza kumjia yeye tu. Alipika pipi zake mwenyewe. Karanga, chumvi, kakao, mafuta ya nazi. Tende hakutia. Asali hakutia. Alitia mdalasini ili kuidanganya pua. Siagi ya karanga bila tende haikushikana vizuri, ikawa inapukutika, akaifinyanga kwa vidole vilivyolowa mafuta, akaichovya mara mbili ili kuficha nyufa. Akazipanga kwenye sinia. Kwa macho hazikuwa na tofauti. Za zamani akazificha chini ya ndoo.

Mama akarudi, akatua kapu. "Ala! Umepika? Peke yako?" Akafurahi kweli, na furaha ile ilimchoma Kasuku kuliko kofi. Mama akanawa mikono, akachukua moja, akaiweka kwenye kisahani. "Onja, baba watoto. Mwanao amekua." Akasubiri kama kawaida yake, akakipeleka ndani.

Bibi akauma. Akatema kiganjani.

"Hiki nini?"

"Mama?"

"Hiki si chakula cha mwanangu. Kichungu kama majani! Nani amempikia mwanangu hiki?"

Mama Kasuku akaonja nusu iliyobaki. Akatafuna, akasimama. Akarudi jikoni, akaonja nyingine, na nyingine. Akazunguka, akaona ndoo imegeuzwa, akaiinua.

"Nani ameharibu pishi la mkono wangu?"

"Mimi," akasema Kasuku.

"Kwa sababu?"

"Mguu wa Bibi..."

"Mguu wa Bibi una nini na tende zangu?"

La kuvunda halina ubani. Kasuku alijaribu kuanza upande huu, akajaribu upande ule, mwisho likamtoka lote kwa mkupuo, jinsi alivyozoea kuongea, ila safari hii analia. "Nesi kasema tende ni sukari, Mama. Na asali. Kasema mwili hauulizi. Kasema Bibi akiendelea kuzila watamkata mguu."

"Tende ni tunda."

"Ndiyo, Mama."

"Asali ni dawa. Hata mtoto mchanga anajua asali ni dawa."

"Ndiyo, Mama. Lakini watamkata mguu."

Mama Kasuku akatafuta pa kukaa bila kutazama, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Kiti kikalia kwa ule waya wa mguuni. Hakugundua. Nje mtu alikuwa anamwita mtoto wake aje kula.

"Na baba yako?" akauliza.

Kasuku, aliyeanza kuongea kabla ya kutembea, akakosa neno.

"Nakuuliza. Na baba yako?"

"Sijui, Mama."

"Hujui au husemi?"

"Mwache mtoto," Bibi akasema kutoka ndani. "Baba yake alijua."

Waliingia chumbani wote wawili. Bibi alikuwa amejiinua kwa viwiko, kilemba kimemwanguka, na ile nusu ya pipi bado kiganjani.

"Alijua nini?" Mama Kasuku akauliza.

"Alirudi kliniki siku moja, akaja akakaa hapo miguuni pangu. Akasema, Mama, daktari ameniuliza nakula nini, nikamwambia, akaniambia niache zile pipi leoleo, utamu ni uleule. Nikamwambia, basi mwambie mkeo. Akaniambia, nimwambie nini? Amemwaga sukari mtaroni mtaa mzima unaona. Anasugua zile karanga mpaka viganja vinachubuka. Mtaa mzima umemsifu. Nimwambie anaua? Nitapunguza mwenyewe, asijue."

"Akapunguza?"

Bibi akaitazama ile nusu ya pipi.

"Akapunguza, Mama?"

"Angepunguzaje, mwanangu? Wewe ulikuwa unasimama pale unamtazama anavyotafuna."

Mama Kasuku akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyeshika chuma cha moto.

"Nawe ukanyamaza."

"Aliniapisha. Na mimi niliogopa. Nilisema nikizungumza nitakuwa mama mkwe anayevunja nyumba ya mwanawe. Nikasema leo, nikasema kesho, mpaka tukamzika."

"Na hizi unazokula wewe? Unajua?"

"Najua."

"Ebo! Kwa nini basi?"

"Mtoto wangu yuko chini, na mimi niliyenyamaza nina miguu yangu miwili. Niliona si haki." Akafuta kiganja kwenye shuka. "Nikizitafuna namsikia. Ndiye anayekohoa. Nilikuwa namfuata, basi."

Kasuku aliziba masikio kama mtoto, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuingia. Mama yake akatoka chumbani. Alisimama mbele ya kile kiti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akakikemea.

"Mwongo wewe! Ulikaa hapa ukatafuna ukaniambia leo nimepatia. Ulinitazama machoni! Hukuweza kusema mke wangu acha? Neno moja? Mimi ningekupikia mawe ungetaka mawe! Umenifanya nikuue kwa mikono yangu, na mimi natembea najisifu kwa watu. Miezi minane nakuuliza zimeiva, hunijibu. Kumbe ulikuwa na la kujibu!"

Akalia, kilio cha hasira, kile ambacho hakulia msibani kwa sababu msibani alikuwa mke aliyemlinda mumewe. Bibi naye akawa analia kule ndani. Kasuku alikuwa katikati, mlangoni, hajui ampe nani bega.

Baadaye Mama Kasuku akajipangusa kwa aproni, akaingia tena kwa mama mkwe wake. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Tugawane kosa hili, Mama," akasema. "Mimi nilipika. Wewe ulinyamaza. Yeye alikula. Nikilibeba lote peke yangu nitakufa, na wewe ukilibeba lote unakufa tayari, hata mguu wako unaoza. Tugawane."

Bibi akamshika mkono, akaukandamiza kifuani pake, mkono ule wenye sugu za karanga.

"Mama," Kasuku akasema mlangoni, kwa sauti ndogo. "Liko lingine."

"Lingine lipi tena?"

"Fundi saa. Ameacha vidonge. Anasema hali sukari, kwa hiyo havihitaji. Ameniambia Jumanne."

"Jumanne! Na leo siku gani?"

Hakusubiri jibu. Alijifunga khanga juu ya aproni yenye madoa ya kakao. "Mvishe Bibi," akasema, "mje nyuma yangu." Akatoka.

*

Fundi saa alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia jichoni na saa ya mkononi imefunguliwa tumbo mbele yake. Wanawake wawili walikuwa wanasubiri saa yao ya ukutani. Mfuko wa pipi ulikuwa wazi kando ya bisibisi, umebakia nusu.

"Karibu, Mama Kasuku! Leo umenifuata mwenyewe? Nina deni?"

Akauchukua ule mfuko. "Nipe hizi."

"Ebo, nimezilipia!"

"Nitakurudishia. Fundi, tende ni sukari. Asali ni sukari. Nimeambiwa leo. Umeacha vidonge?"

Fundi akatoa kioo jichoni. Akawatazama wale wanawake, akacheka kidogo kwa haya. "Huyu Kasuku! Kumbe siri haikai. Aa, mama, usiwe na wasiwasi, mimi najisikia vizuri."

"Mume wangu naye alijisikia vizuri."

"Mumeo," mwanamke mmoja akaingilia, kwa huruma kabisa, "alikwenda kwa ahadi yake. Wewe ulimtunza, kila mtu anajua. Usijitie makosa."

"Kweli kabisa," mwenzake akasema. "Ulimlinda."

Ndilo neno lile lile. Walimrudishia kwa mikono miwili, na lilikuwa zito na tamu, na angeweza kulipokea pale akaenda nalo nyumbani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hata fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mama Kasuku alisimama akiwa na mfuko mkononi, watu wote watatu wakimtazama kwa upole.

"Hapana," akasema. "Sikumlinda. Nilimlisha hizi kila siku, nikasimama nimwone anavyomeza. Alikufa anakula mkono wangu, na wewe, Fundi, unakula mkono huohuo."

"Mama Kasuku, usijiseme hivyo mbele ya watu!"

"Nikaseme wapi?"

Mmoja wa wale wanawake akainamisha macho. Fundi akaitazama saa iliyokuwa wazi mbele yake, akaichukua, akairudisha chini. Utani ulikuwa umemtoka, na bila utani alionekana mzee kuliko alivyokuwa, na mwoga.

"Sasa mimi nile nini?" akauliza.

"Sijui, Fundi. Nilidhani najua, nikazika mtu. Twende kliniki tukaulize."

Fundi akaanza kukusanya saa za watu, anazifunga kwenye kitambaa, zote zikienda kila moja na mwendo wake. Wale wanawake wakamsaidia kukunja mwavuli bila kuambiwa. Mtaani Kasuku alikuwa anakuja polepole na Bibi, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, Bibi amevaa gauni lake la kutokea na kiatu kimoja.

Mama Kasuku akawapokea njiani. Akaondoa mkono wa Bibi begani kwa binti yake, akauzungusha shingoni mwake mwenyewe. Bibi alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akamkaza kiunoni, wakaenda.